Hoja ya Kumi na Moja

Mimi ni karani wa presbiteri. Kazi yangu si kulia.
Kazi yangu ni kuandika nani aliunga mkono,
na saa ngapi, na kama akidi ilitimia.
Ilitimia: wachungaji kumi na wanne, wazee ishirini na wawili,
makoti yakivuja maji migongoni mwa viti,
birika la umeme likinguruma kumshinda mchungaji wa Birsay.

Tulianza kwa sala, sala fupi,
kwa kuwa feri ya visiwa vya kaskazini
huondoka saa kumi na dakika arobaini
na bahari ya Novemba haina subira na wasemaji.
Tulipokea hesabu. Tulipokea barua ya pole.
Tulibishania dizeli ya basi dogo nusu saa nzima
(nimeandika: "baada ya majadiliano").

Kisha hoja ya kumi na moja:
kwamba ushirika wa Hellinsay uvunjwe,
jengo liuzwe, washirika saba waunganishwe
na wenzao ng'ambo ya maji.
Mzee Isbister wa kamati ya majengo alisoma tarakimu
kwa sauti ya mtu anayepima kitambaa:
paa, pauni laki moja na elfu arobaini;
sadaka ya mwaka, elfu tatu na mia mbili;
ukungu, hadi safu ya tatu ya viti.
Hakuna aliyesema uongo. Hilo ndilo lililoumiza.

Nyuma akasimama Thora Drever,
miaka themanini na mmoja, viatu vya mpira,
mkononi mfuko wa plastiki wa duka la samaki.
"Moderata, naomba kusema."
Moderata akanitazama mimi. Wote wakanitazama mimi,
maana kanuni naijua mimi.

Kanuni ni hii: mwenye kura ni mjumbe aliyechaguliwa.
Mjumbe wa Hellinsay alikuwa Sigurd Drever, mumewe.
Tulimzika Februari, upepo ukirusha chumvi kaburini.
Kumchagua mwingine kwahitaji wazee watatu kikaoni.
Hellinsay wamebaki wawili.
Nikapanga kifungu juu ya kifungu, kama mwashi,
nikauona ukuta nilioujenga:
kisiwa kinaamuliwa, na kisiwa hakina kura.

"Anaweza kusikilizwa," nikasema, "kwa hisani ya kikao.
Upinzani wake hauwezi kuandikwa."
Sauti yangu haikutetemeka. Siisamehi.

Hakuhutubia. Aliuliza tu:
"Mkishauza, kengele itakuwa ya nani?
Maana mimi ndiye ninayeipaka mafuta."
Isbister akapekua karatasi. Kengele haikuwamo.
Mtu akakohoa. Mtu akatazama saa, kisha dirisha.

Mikono ikapanda. Nikahesabu mara mbili,
kidole changu kikielea juu ya vichwa
vya watu ninaowajua hadi majina ya mbwa wao.
Ndiyo, ishirini na watatu. Hapana, tisa.
Wanne, mikono yao ilibaki mapajani
kama glovu zilizosahauliwa.
Hoja imepita, saa kumi na dakika kumi na tatu.
Tukaimba zaburi. Thora naye aliimba,
sauti ya pili, hakukosea popote.

Mlangoni akanikabidhi ule mfuko.
"Kanuni inasema vitabu vije kwako."
Ndani, zikinuka makrili, kumbukumbu za wazee wa Hellinsay.
Ukurasa wa kwanza, wino uliogeuka kahawia:
Baridi kali. Waliokuja, kumi na mmoja.
Mchungaji hakufika. Tumesali wenyewe.
Ukurasa wa mwisho, Januari, mwandiko wa Sigurd:
Hapana akidi. Tumekunywa chai. Kengele imepakwa mafuta.

Feri imekwenda. Nimebaki na rasimu,
"Hoja ilipitishwa kwa kura 23 dhidi ya 9,"
sentensi isiyo na ufa hata wa kupitisha upepo.
Karani huandika kilichoamuliwa, si kilichosikika.
Nimeandika, nimefuta, mara tatu. Mara ya nne nimeacha:

"Bi. Thora Drever aliuliza kuhusu kengele.
Hakujibiwa."

Machi kikao kitazipitia kumbukumbu hizi, ukurasa kwa ukurasa,
na mtu atainua mkono, apendekeze zisahihishwe.
Na auinue.
Nitaandika jina lake pia.